Sanduku Linalala Wapi? Kura za Mapema za Marekani na Presha Tunazojipa Bure

Kila ikifika Oktoba ya mwaka wa uchaguzi wa rais huku Marekani, grupu la WhatsApp la Waswahili tuliopo North Carolina linageuka tume ya uchaguzi. Watu ambao mwaka mzima wanapost misiba, michango na nani ana kilo za ziada za kupeleka Dar, ghafla kila asubuhi wanarusha grafu. Wademokrat wamerudisha bahasha ngapi Pennsylvania, Warepublikan wamejaa kiasi gani Nevada, wazee wangapi, kina mama wangapi, na mwisho lazima atokee mtu aandike kwa herufi kubwa IMEISHA HIYO. Oktoba 2024 hiyo "imeisha hiyo" niliisoma kwa pande zote mbili, siku moja, kutoka kwa watu wawili waliokuwa wanaangalia namba zile zile.

Nimekaa na hili jambo muda mrefu na nimeona niliandike mahali pamoja, maana kila uchaguzi tunarudia ubishi ule ule. Msimamo wangu ni huu: zile namba za kura za mapema zinakuambia mtu kapiga kura lini, kapiga kwa njia gani, na ukizichimba vizuri zinakuambia anamwamini nani kukaa na kura yake mpaka ihesabiwe. Kampigia nani hazijui. Hazijui kabisa, bahasha bado imefungwa.

Kwanza zinatoka wapi, maana wengi tunazirusha tu. Ukirudisha karatasi yako kwa posta, au ukienda kituoni kabla ya siku yenyewe, ofisi ya uchaguzi ya kaunti inaandika kwamba fulani ameshapiga. Ameshapiga, basi. Orodha hiyo iko wazi, vyama vinaichukua, magazeti yanaichukua, na mtu yeyote mwenye laptopu na muda anaichukua. Sasa kwenye majimbo kama Nevada, Pennsylvania, Florida, Arizona na hapa kwetu, mtu anapojiandikisha kupiga kura anasema pia ni wa chama gani au hana chama, kwa hiyo ukiziunganisha orodha mbili unapata ile grafu ya nyekundu (Republican) na bluu (Democratic) inayowapandisha watu presha. Georgia, Michigan na Wisconsin hakuna kujiandikisha kwa chama, hivyo ukiona grafu ya chama inayotoka huko ujue kuna mtu amekaa akakadiria kwa umri, rangi na mtaa, halafu akaipaka rangi ionekane kama hesabu.

Anayezikusanya za nchi nzima kwa muda mrefu ni profesa Michael McDonald wa Chuo Kikuu cha Florida, na ukimfuatilia yeye unaona picha kubwa. Uchaguzi wa 2016, kura zilizopigwa kabla ya siku yenyewe kwenye hesabu zake zilikuwa kama milioni 47. Ikaja 2020, korona, zikaruka zikapita milioni 100, yaani karibu theluthi mbili ya wapiga kura wote wa Marekani walikuwa wameshamaliza kazi kabla jua la siku ya uchaguzi halijachomoza. Na 2024, korona imeisha, kila mtu akatarajia zishuke mpaka chini, zikashuka kweli lakini zikabaki juu ya milioni 80. Kwa hiyo hii siyo tena habari ya dharura. Watu wameonja, wamependa.

Na kwa nini wasipende. Siku ya uchaguzi Marekani ni Jumanne, iliwekwa na sheria ya mwaka 1845, enzi za wakulima na mikokoteni ya farasi, na mpaka leo kitaifa siyo sikukuu. Bosi wako anaweza akakupa ruhusa, anaweza asikupe, inategemea uko jimbo gani. Sisi wabeba boksi, wa shifti za usiku kwenye maghala na nyumba za wazee, Jumanne ni siku ya kazi kama nyingine. Ukitoka shifti ya saa 12 miguu imevimba, uende ukasimame foleni ya saa mbili? Wengi hawaendi. Siyo kwamba hawajali nchi, wamechoka tu.

Ndiyo maana mimi binafsi ni mtu wa kura ya mapema ya kituoni. Hapa North Carolina inaanza wiki mbili na ushee kabla, 2024 ilianza tarehe 17 Oktoba ikaisha Jumamosi tarehe 2 Novemba saa tisa mchana, na raha yake unaweza kwenda kituo chochote cha mapema ndani ya kaunti yako, na kama hujajiandikisha unaandikishwa hapo hapo. Kituo ninachopenda kiko maktaba ya mtaa. Natoka kazini, nakunywa chai kwenye gari, naingia. Nje kuna watu wa vyama wanakugawia vikaratasi vya wagombea wao, wakifika kwenye mstari wa futi 50 kutoka mlangoni wanaishia hapo. Ndani bibi mmoja mstaafu anakuomba kitambulisho, anakwambia utaje jina na anwani kwa mdomo wako mwenyewe (jina langu huwa analisubiri kwa hamu, na mimi namuonea huruma), unasaini, unapewa karatasi ndefu mbele na nyuma na kalamu. Unapaka vile viduara. Rais, gavana, majaji mpaka unachoka, na kule chini kabisa kuna mtu anagombea usimamizi wa udongo na maji ya wilaya, naapa sitanii, udongo na maji wana kura yao. Ukimaliza unailisha karatasi kwenye mashine mwenyewe, inaivuta, namba kwenye kiskrini inaongezeka moja, unapewa stika, unaenda kulala.

Kura ya posta ni habari nyingine. Hapa kwetu bahasha yake inataka mashahidi wawili waliokuona ukijaza, waandike majina na anwani na kusaini, au uwe na mthibitishaji mmoja wa kisheria, na siku hizi uweke na kopi ya kitambulisho. Kuanzia 2024 lazima iwe imefika ofisini saa moja na nusu usiku wa siku ya uchaguzi, zile siku tatu za kusubiri posta zimefutwa na bunge la jimbo. Pennsylvania wana mtindo wa bahasha mbili, ya ndani ni ya siri na ya nje ndiyo unayosaini, na mahakama yao kuu ilisema Septemba 2020 kwamba ukisahau ile ya ndani kura yako haihesabiwi. Yaani mtu amekaa mezani kwake, kapaka viduara vyote vizuri, kasaini, kapeleka, na kura imekufa kwa sababu ya bahasha. Ndugu zangu wanaoona kupigia kura nyumbani ni kazi rahisi, isomeni ile karatasi ya maelekezo mpaka mwisho.

Mambo haya hayakuanza na korona pia. Wanajeshi wa Lincoln walipiga kura wakiwa kambini 1864. Oregon walishaendesha uchaguzi wa rais wote kwa posta mwaka 2000. Colorado, Washington na hata Utah, ambako Warepublikan ndio wenye nyumba, wanatuma karatasi kwa kila mpiga kura, na miaka mingi hakuna aliyepiga kelele. Florida wazee wa Republican ndio walikuwa mabingwa wa kura ya posta. Kelele zilianza pale posta ilipopewa chama.

Hapo ndipo 2020 ilipoharibu vichwa vya watu. Trump mwaka mzima akahubiri kura ya posta ni wizi (mwenyewe akiwa amepiga kwa posta kwenye kura ya mchujo ya Florida mwaka huo huo), Wademokrat wakahubiri kaeni nyumbani mpige kwa posta msije mkafa na korona. Wafuasi wakasikiliza, kila mmoja wake. Matokeo yake Pennsylvania, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imepitisha sheria ya 2019 ya kumruhusu mtu yeyote apige kwa posta bila sababu, ikapata kura za posta kama milioni 2.6, na Biden akabeba karibu robo tatu yake. Halafu sheria ya jimbo hilo inakataza kuanza hata kufungua bahasha mpaka saa moja asubuhi ya siku ya uchaguzi. Sasa fikiria mwenyewe: kura za kituoni, ambazo wengi ni wa Trump, zinahesabiwa haraka zinatangazwa usiku, na za posta, ambazo wengi ni wa Biden, zinafunguliwa moja moja kwa siku kadhaa. Usiku ule Trump alikuwa mbele kwa karibu laki 7. Mpaka mwisho Biden kashinda kwa kama elfu 80. Kila mtu aliyekuwa anafuatilia sheria alijua itakuwa hivyo, ilikuwa imeandikwa miezi kabla, lakini mtu wa kawaida aliyelala Trump anaongoza akaamka Biden anakaribia, utamwambia nini?

Wisconsin ilikuwa hivyo hivyo. Milwaukee walihesabu kura zao za posta sehemu moja kuu, wakamaliza kama saa tisa na nusu usiku, wakazitoa kwa mpigo, zaidi ya laki na nusu. Mstari wa Biden kwenye grafu ukapanda wima. Ile picha ya mstari wima imezunguka mitandaoni mpaka kwenye magrupu ya Kinondoni, nimetumiwa na binamu yangu aliyeko Dar ambaye hajawahi kuiona Wisconsin hata kwenye ramani.

Na hapa kwetu North Carolina ni kinyume kabisa, kura za mapema zinatolewa za kwanza, vituo vikifungwa tu saa moja na nusu usiku zinamwagika, kwa hiyo 2020 jioni Biden alionekana anaongoza vizuri halafu akaanza kushuka mpaka akapoteza. Jimbo moja linaanza na bluu linamaliza na nyekundu, lingine linaanza na nyekundu linamaliza na bluu, na tofauti ni sheria tu ya saa ngapi bahasha ifunguliwe. Hakuna sehemu ya uchaguzi wa Marekani inayonikera kama hii. Michigan walijifunza, wakabadilisha sheria, 2024 wakaanza kushughulikia bahasha mapema na wakaweka siku tisa za kupiga kura kituoni. Pennsylvania mpaka wanaingia 2024 walikuwa bado hawajabadilisha, wanasiasa wao walishindwa kuelewana.

Basi ikaja 2024 na hadithi ikageuka. Warepublikan wameshaona kwamba kuwaacha watu wako wote wasubiri Jumanne moja ni hatari, mvua ikinyesha, gari likigoma, mtoto akiumwa, kura imepotea. Chama kikaanza kuwabembeleza wapige mapema, Trump mwenyewe akawa anasema kigeugeu, leo pigeni mapema kesho anaiponda, lakini watu wakaelewa. Georgia siku ya kwanza tu, tarehe 15 Oktoba, walipiga zaidi ya laki 3, mwaka 2020 siku kama hiyo walikuwa kama laki moja na elfu 36. Mwisho walipita milioni 4. Mzee Jimmy Carter alikuwa mmoja wao, alitimiza miaka 100 tarehe 1 Oktoba akapiga kwa posta katikati ya mwezi. Hapa kwetu siku ya kwanza walijitokeza zaidi ya laki 3 na nusu, rekodi, na hiyo ni wiki tatu tu baada ya kimbunga Helene kubomoa milima ya magharibi, barabara zimekatika, watu hawana maji, na bado kaunti 25 zilizopigwa zilifungua vituo 76 kati ya 80 walivyopanga. Hilo lilinigusa kuliko grafu yoyote.

Sasa rudi kwenye wale wa IMEISHA HIYO. Nevada, Warepublikan wakaongoza kwenye kura za mapema kwa makumi ya maelfu, jambo ambalo kule halikuzoeleka, maana miaka yote Wademokrat wanajenga ukuta wao wa kura Las Vegas kabla ya siku yenyewe. Mwandishi mmoja wa huko, Jon Ralston, ndiye anayeheshimika kuliko wote kwa kuzisoma hizi namba, kila siku anaandika. Akaziona, akasema ni mbaya kwa Kamala Harris, mgombea wa Democratic, halafu akahesabu wasio na chama, akahesabu posta zitakazochelewa, mwishowe akatabiri Harris atapita kwa tundu la sindano. Trump akashinda Nevada kwa pointi kama 3. Kama bingwa mwenyewe aliyeishi na hizo namba miaka yote zinamchenga, mimi na wewe na simu zetu tunajidanganya nini?

Pennsylvania kinyume chake. Wademokrat wakaongoza kwenye kura za posta kwa mamia ya maelfu, magrupu yakashangilia, Trump akalichukua jimbo kwa kama laki moja na elfu 20. Ukiangalia vizuri uongozi ule ulikuwa mdogo sana kuliko wa 2020, lakini huo udogo nao ungeweza kumaanisha mambo mawili: ama Wademokrat wamepungua, ama wamerudi kupiga Jumanne kwa sababu korona imeisha. Kabla ya siku yenyewe huwezi kujua ni lipi. Ni kama kuwahesabu waliowahi ukumbini harusini halafu utangaze upande wa bwana harusi ndio wenye ndugu wengi, kumbe upande wa pili basi lao limekwama foleni Kibaha.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa nyumbani kwetu. Ukichukua orodha ya waliopiga mapema North Carolina 2024, waliojiandikisha Republican walikuwa wengi kidogo kuliko Democratic, watu wakasema kwisha habari. Na kweli Trump akashinda jimbo kwa pointi kama 3. Lakini karatasi ile ile, kalamu ile ile, watu wale wale wakampa ugavana Josh Stein wa Democratic kwa karibu pointi 15, maana mpinzani wake Mark Robinson alikuwa ameandamwa na kashfa mpaka basi. Grafu ya bluu na nyekundu ilikuwa moja, matokeo yakatoka mawili. Na kundi kubwa kuliko yote kwenye daftari la jimbo hili ni watu wasio na chama, ambao kwenye grafu wanapakwa kijivu, hakuna anayewaangalia.

Lakini kuna swali lingine ambalo wachambuzi wa CNN hawaliulizi na sisi tunaliuliza kila mara. Kanisani kwetu kuna familia nyingi za Kikongo, watu waliopitia kambi za Tanzania na Burundi, wamekuja kama wakimbizi, wamekaa miaka yao mitano na zaidi, wameapa uraia, wanapiga kura kwa mara ya kwanza maishani. Tulikuwa tunasaidia kuwaelezea taratibu. Nikaeleza kura ya mapema, nikaeleza siku, saa, kitambulisho. Mama mmoja akanyoosha mkono, akaniuliza kwa ile Kiswahili yao tamu ya Uvira: "Sasa ile boksi, tangu leo mpaka ile siku, inalala kwa nani?"

Wote tukacheka, ila tuliolelewa Tanzania na Kenya tulielewa swali hilo linatoka wapi. Sisi tumefundishwa kwamba sanduku likilala limeibiwa. Tanzania bara na Kenya msingi wa uchaguzi ni kwamba kura inahesabiwa pale pale kituoni, usiku ule ule, mawakala wa vyama wamekodoa macho, karatasi ya matokeo inabandikwa hapo hapo. Kenya 2022 fomu za matokeo za kila kituo, zile 34A, ziliwekwa mtandaoni, kila mwenye bando akajifanya mjumlishaji. Kwetu Tanzania nani amesahau 2015 na ubishi wa mita 200, upinzani unawaambia watu wakishapiga wasiondoke walinde kura, serikali inasema nendeni nyumbani, mpaka Mahakama Kuu ikaamua siku chache kabla kwamba watu warudi makwao. Kulinda kura kwetu ni kazi ya mwili, ni kusimama hapo.

Sasa ukimwambia mtu wa aina hiyo kwamba kura ipigwe leo ihesabiwe baada ya wiki mbili, anaona umechanganyikiwa. Na siyo nadharia, Zanzibar wameliishi. Sheria ya uchaguzi ya Zanzibar ya 2018 ilileta kura ya mapema, siku moja tu kabla, kwa watendaji wa uchaguzi, polisi na vikosi vya ulinzi watakaokuwa kazini siku yenyewe. Ikatumika mara ya kwanza tarehe 27 Oktoba 2020. Kwenye karatasi ni jambo la busara kabisa, askari anayelinda kituo naye ni mpiga kura. Lakini ACT-Wazalendo waliikataa tangu mwanzo, wakasema sanduku linajazwa na kundi moja wakati wengine wote wako nyumbani, na siku hiyo Maalim Seif alipokwenda kituoni kutaka kupiga kura naye, polisi wakamkamata. Oktoba 2025 ikafanyika tena, tarehe 28, na malalamiko yakawa yale yale.

Kwa hiyo utaratibu ni wa jina moja, lakini huku foleni ya kura ya mapema ni mpaka nje ya maktaba, mwalimu, dereva, mstaafu, rais aliyeko madarakani (Biden alipanga foleni Delaware Oktoba 2024, Obama alishapiga mapema Chicago 2012), na kule ni siku ya vikosi. Mimi nadhani hapo ndipo penye tofauti. Siku ya mapema ikiwa ya kila mtu, inakuwa na macho ya kila mtu. Mama wa Uvira nilimjibu hivyo hivyo: mashine ikishavuta karatasi inabaki ndani ya sanduku lenye lakiri, namba ya mashine inaandikwa asubuhi na jioni, wanaoandika ni watu wa vyama vyote viwili, na karatasi zenyewe zinatunzwa ili zihesabiwe tena kwa mkono ikitakiwa. Akaitikia kwa kichwa. Sijui kama niliaminika au aliniheshimu tu.

Kuna kitu kimoja Wakenya wananipiga bao hapa, acha nikiseme. Jirani yangu Mkenya ana uraia wote wawili, katiba yao ya 2010 iliruhusu, anaweza kupiga kura maktaba hapa kisha akapiga na ya kwao. Ila ya kwao hakuna posta wala mapema, 2022 ilibidi ajisajili ubalozini Washington, mwendo wa saa nne tano kwa gari, akapige siku ile ile wanayopiga Nairobi. Ndiyo maana dunia nzima walioandikishwa nje walikuwa kama elfu 10 tu. Sisi wa Tanzania tukiapa huku, uraia wa kule umekwenda na maji, hatuna hata cha kulalamikia foleni.

Basi nilidhani jibu langu kwa yule mama limetosha mpaka ukaja mgogoro wa kiti cha jaji wa Mahakama Kuu ya jimbo letu. Wengi mliopo nje ya North Carolina hamkuusikia. Uchaguzi huo huo wa Novemba 2024, jaji Allison Riggs wa Democratic alimshinda Jefferson Griffin wa Republican kwa kura 734, kati ya zaidi ya milioni 5 na nusu. Zikahesabiwa tena, na tena, 734. Griffin akaenda kupinga kura zaidi ya elfu 65. Wengi kosa lao eti rekodi zao za kujiandikisha hazikuonyesha namba ya leseni au ya soshal sekyuriti, wengine ni wapiga kura wa ng'ambo na wanajeshi ambao hawakuweka kopi ya kitambulisho, wakati wakipiga hakuna aliyewaambia waiweke. Wazazi wa Riggs mwenyewe walikuwa kwenye orodha.

Na sasa sikiliza hili. Wote waliopingwa walikuwa wamepiga mapema au kwa posta. Wa Jumanne hakuguswa hata mmoja, hata kama rekodi yake ina kasoro ile ile. Sababu ni kwamba kwenye jimbo hili karatasi ya kura ya mapema inawekewa namba, ili ikibidi iweze kutafutwa na kutolewa. Ya Jumanne ikishaingia kwenye mashine haina jina wala namba, imekwenda, hakuna wa kuitoa. Yaani kile kinga cha kuifuatilia kura ndicho kikawa mlango wa kutaka kuifuta.

Kesi ikatembea miezi sita. Aprili 2025 mahakama ya rufaa ya jimbo ikampa Griffin ushindi wa muda, watu wakapewa siku 15 za kazi waje wathibitishe kwamba wao ni wao. Watu wakawa wanatafuta majina yao mtandaoni, na kwenye jamii kama yetu, ambako majina yanaandikwa kwa spelingi tatu tofauti kwenye karatasi tatu tofauti, hilo siyo la kucheka. Mwanzoni mwa Mei jaji wa shirikisho, Richard Myers, ambaye aliteuliwa na Trump mwenyewe, akasema huwezi kubadilisha sheria za mchezo baada ya mchezo kwisha. Griffin akakubali siku mbili baadaye. Riggs akaapishwa. Kura zote zikahesabika.

Mimi bado ni mtu wa maktaba, saa mbili asubuhi, kabla ya kulala. Lakini yule mama wa Uvira ana mume, mzee mmoja mtulivu sana, anafuatilia habari kuliko mimi na nyie wote, na ile kesi aliifuata mwanzo mpaka mwisho. Tulipokutana kanisani akaniambia kwamba kuanzia sasa yeye na mke wake watapiga Jumanne, wataomba ruhusa kazini, wakinyimwa watakosa mshahara wa siku moja, lakini watapiga karatasi isiyo na namba na watairudisha siku ile ile inayohesabiwa. Nikamwambia foleni ni ndefu Jumanne, mzee. Akasema foleni anaijua, alishapanga foleni ya mahindi kambini Nyarugusu.